Ngome Isiyo na Kisima

Chupa yangu ya maji iliisha kabla sijaanza hata kuupanda mlima wenyewe. Ilikuwa chupa ya nusu lita, ile ya dukani, na niliinunua nikijua fika naelekea nchi ya mvua. Miaka yote niliyoishi Wales sijawahi kumsikia mtu akilalamikia kiu. Watu hulalamikia unyevunyevu, nguo zisizokauka, matope ya mlangoni. Basi nikajisemea nusu lita inanitosha, nafasi iliyobaki kwenye begi nikaijaza kamera na sambusa.

Ilikuwa Julai, mojawapo ya zile siku chache ambazo jua la huko huwaka kwelikweli. Nilitoka Swansea, ninakofanya kazi ya uuguzi, nikapanda treni ya asubuhi ya reli wanayoiita Heart of Wales. Treni ni fupi, reli yenyewe ni ya njia moja, inakatiza mashamba na vijiji, na kwenye vituo vyake vingi haisimami mpaka aliye jukwaani amnyooshee dereva mkono, sawasawa na mtu anayesimamisha daladala. Baada ya kama saa moja nilishuka kituo cha Ffairfach, nikashika njia ya kwenda kijiji cha Trapp kwa miguu. Ni mwendo wa kama kilomita 6 hadi kwenye ngome niliyokuwa nikiiendea, na nusu yake ya mwisho ni kupanda na kushuka.

Aliyenituma huko ni mzee mmoja niliyewahi kumuuguza. Nilipokuwa nambadilisha bandeji aliniuliza nimeshaona nini cha Wales zaidi ya wodi na supamaketi. Nikakosa jibu. Akaniambia, nenda Carreg Cennen, na uende kwa miguu, usipelekwe na gari mpaka mlangoni. Kwa Kiwelshi carreg ni jiwe, na Cennen ni jina la mto upitao chini yake. Ni ngome ya zama za kati iliyojengwa juu ya jabali la mawe ya chokaa, na upande wa kusini jabali hilo limekatika wima kama mita 90 hadi bondeni.

Sasa naelewa kwa nini alisisitiza miguu. Anayekwenda kwa gari huiona ngome mara moja, anaegesha, anapanda, anapiga picha. Mimi niliiona mara tano au sita, na kila mara ilikuwa kitu kingine. Kwanza ilijitokeza juu ya ua wa miti kando ya barabara, ndogo kama jino lililobaki peke yake. Barabara ikazama bondeni, nikaipoteza. Ikaibuka tena kushoto, kubwa zaidi, na safari hii nikaona kuta zake zina rangi ileile ya jabali, huwezi kujua jiwe la Mungu linaishia wapi na la fundi linaanzia wapi. Nikaipoteza tena. Barabarani chini ya miguu yangu neno ARAF limeandikwa kwa rangi nyeupe, maana yake polepole. Ni la madereva, lakini nililitii.

Nilipofika Trapp chupa ilikuwa tupu. Nikaendelea. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nalisema waziwazi kwa sababu najua wengi wetu hulifanya: ukiwa nchi ya baridi, unadhani mwili hautoki jasho. Mimi ni muuguzi, kila siku nawahimiza wagonjwa wanywe maji, na siku hiyo nilipanda mlima wa jua la saa saba mchana bila tone.

Chini ya jabali kuna shamba la mifugo, na njia ya kwenda ngomeni inapita hapohapo. Kuna kisa maarufu kwamba shamba hilo lilipouzwa miaka ya 1960, wanasheria waliiingiza ngome kwenye hati za shamba kwa makosa, mkulima akajikuta ananunua ng'ombe, malisho na ngome kwa pamoja. Leo ngome bado ni ya wenye shamba, na idara ya urithi ya Wales iitwayo Cadw ndiyo inayoitunza. Nililipa kiingilio, nikaanza kupanda. Kondoo wamejilaza kila penye kivuli. Juu wanazunguka mwewe wekundu, ambao jamaa zao kwetu pwani hunyakua samaki mkononi mwa mchuuzi.

Nikafika juu. Nataka kuwa mkweli kuhusu dakika zile za kwanza: sikuona historia, sikuona uzuri wa Mynydd Du, ile milima myeusi iliyotanda upande wa mashariki. Niliona ukuta wenye kivuli na nikatafuta bomba. Kila mahali pa utalii nilipowahi kufika pana bomba au kibanda cha maji. Hapa hapana. Kuna nyasi, mawe na upepo mkavu. Nikaketi nimeegemea ukuta, ulimi umenata, na swali likanijia lenyewe, wala sikulisoma kwenye kibao chochote: waliokuwa wakiishi humu walikunywa nini?

Nikainuka nikaanza kutafuta kisima. Nimezaliwa Kilwa Masoko, nimeteka maji tangu nikiwa na umri wa kubeba ndoo ya lita kumi, na macho yangu yanajua kisima kinavyokaa kwenye makazi ya watu. Hukaa mahali ambapo njia zinakutana. Ukingo wake huwa na mikato ya kamba. Nilizunguka ua wa ndani wote, nikapita palipokuwa ukumbi, nikapita jikoni, nikachungulia kila shimo. Hakuna. Niliporudi kwenye maelezo ya mlangoni nikathibitisha: ngome hii haikuwa na kisima. Walikinga maji ya mvua na kuyahifadhi mahali palipochongwa kwenye mwamba karibu na lango. Hayo ndiyo yaliyokuwa maji yao.

Hapo ndipo ngome ilipoanza kunifungukia. Nikatazama upya yale niliyoyapita kwa haraka. Mlango wa kuingilia si mlango tu. Ni njia nyembamba inayopanda kwa ngazi, ina kona kali, na kati yake kuna mashimo marefu yaliyokuwa yakivukwa kwa madaraja ya kuinuliwa. Mlango baada ya mlango, mtego baada ya mtego. Kuta upande wa kaskazini, ambako mlima hauna mteremko wa kutisha, ni nene zenye minara. Upande wa kusini jabali lenyewe ni ukuta. Kwa hesabu ya mishale na ngazi, hakuna anayeingia humu. Lakini adui mwenye subira hahitaji ngazi. Anaketi chini kwenye kivuli cha mto Cennen, anakunywa, ananawa, anakusubiri ukaukiwe.

Waliojenga kuta tunazoziona leo ni John Giffard na mwanawe, mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, baada ya mfalme Edward I wa Uingereza kuwashinda watawala wa Wales na kuwagawia watu wake ardhi. Kabla yao palikuwa na ngome ya wenyeji, watu wa nasaba ya Rhys ap Gruffydd. Wenyeji hawakukata tamaa. Julai 1403, Owain Glyndŵr, aliyeongoza uasi mkubwa wa Wawelshi dhidi ya Uingereza, alifika hapa na watu wake. Msimamizi wa ngome alikuwa John Scudamore. Barua aliyoiandika siku hizo ipo mpaka leo, na ndani yake anaeleza kwamba alizungumza na Glyndŵr akamwomba awaruhusu mke wake na mama mkwe wake watoke salama. Glyndŵr alikataa.

Ilikuwa Julai. Mwezi uleule niliokuwa nimekaa pale na ulimi umekauka. Nilimfikiria sana yule mama mkwe. Vitabu havisemi zaidi kumhusu, lakini mtu mzima kuzingirwa juu ya mwamba wakati wa kiangazi, akitegemea maji ya mvua yaliyokaa kwenye tangi tangu masika, huku anausikia mto ukipita chini! Kwa sababu unausikia, upepo ukitulia. Mita 90 tu. Sisi tuliolelewa na ndoo tunajua mita 90 za kupanda na maji kichwani ni kitu gani. Tunajua kujipanga ngata ya khanga ili ndoo isiume utosi, tunajua kuweka tawi la majani juu ya maji ili yasimwagike njiani. Na pale hapakuwa na njia ya kushuka wala kupanda isipokuwa ile ya lango, mbele ya mishale ya adui.

Niliteremka mapema kuliko nilivyopanga. Kuna pango chini ya ngome, ndilo jambo linalowavutia wageni wengi, nikajaribu kuingia na taa ya simu. Nilikuwa nimepiga picha njia nzima na kufuata ramani ya simu tangu kituoni. Hatua chache baada ya kuingia gizani simu ikazimika. Nilisimama. Giza la pangoni si kama giza la umeme kukatika, ambapo baada ya muda macho huzoea. Lile halizoeleki. Nikaupapasa ukuta, ulikuwa umelowa, nikarudi nyuma mguu kwa mguu mpaka nikaona mwanga wa nje. Kule shambani mama mmoja aliniangalia usoni tu, hakuuliza kitu, akaenda ndani akarudi na jagi la maji. Nilikunywa glasi tatu nikiwa nimesimama. Akanionyesha tochi walizopanga kwenye kikapu kwa ajili ya wageni, za kukodisha, ambazo nilizipita wakati wa kupanda kwa kujiona nina simu.

Nilirudi Mei iliyofuata, safari hii na binti yangu wa miaka 12. Nilibeba lita mbili za maji kwa kila mmoja, tochi mbili na betri za akiba, na ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, ile ya mizani ya 1:25,000. Nashauri kila anayetaka kutembea mashambani huko ajifunze kuisoma. Vistari vya kijani vilivyokatikakatika ni njia ambazo umma una haki ya kupita kisheria, hata zikiwa katikati ya shamba la mtu. Mwanzoni mimi niliogopa hizo njia. Mtu mweusi, peke yangu, kuvuka ua wa shamba la watu katika nchi ya ugenini; kwetu ungeulizwa umepotea au umekuja kuiba. Ilinichukua muda kuamini kile kibao kidogo kilichoandikwa Llwybr Cyhoeddus, njia ya umma. Sasa naamini, na nimemfundisha mwanangu masharti yake: geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, na penye kondoo wenye watoto usikatize katikati yao.

Njiani binti yangu alinisimulia ngome kama alivyofundishwa shuleni: wapanda farasi, bendera, karamu. Sikumkatiza. Tulipofika juu nikamwambia, "Haya, nitafutie maji." Akaniangalia. "Chupa si hii, mama?" Nikamwambia hapana, jifanye umeamka humu asubuhi, wewe ndiye unayetakiwa kupika, nitafutie maji. Akaondoka mbio. Alichukua karibu nusu saa, na katika kutafuta aliona vitu ambavyo hakuna mtu angemwonyesha akavijali. Aliona jiko lilipo na akashangaa liko mbali vipi na mahali pa maji. Aliona kwenye ua wa nje mabaki ya tanuri, akaniita nimweleze.

Hilo tanuri lilinigusa. Ni la kuchomea chokaa. Mawe ya jabali lilelile yalichomwa hapo, yakawa chokaa, ikachanganywa na mchanga na maji, ikashikanisha kuta. Nilipokuwa mdogo nimeona tanuri la chokaa likiwashwa kwetu, magogo yamepangwa mduara na matumbawe juu yake, moto unalia usiku kucha. Asubuhi unakuta mawe yamekuwa meupe na mepesi, na ukiyamwagia maji yanatokota na kutoa moshi kama yana uhai. Kwa hiyo nilimwambia mwanangu: chokaa nayo inakunywa. Kila tone lililotumika kukanda udongo wa kuta hizi, mtu alilipandisha hapa. Akaugusa ukuta. Kati ya mawe mawili chokaa ilikuwa imetokeza kidogo, ngumu, ina vipande vidogo vyeusi vya mkaa ndani yake. Alivikwaruza kwa ukucha, vikamwachia alama nyeusi kidoleni, akakitazama kile kidole kwa muda mrefu.

Nikamsimulia basi habari za Husuni Kubwa, ambayo yeye ameiona mara moja tu akiwa na miaka minne, amebebwa mgongoni na mjomba wake. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliijenga Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya genge linalotazama bahari, enzi zilezile ambazo akina Giffard walikuwa wakimalizia kuta hizi. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331. Jumba lile lina vyumba zaidi ya mia, na katikati ya ua mmoja kuna bwawa la pembe nane. Tulipokuwa watoto tulivuka kwa dau siku za sikukuu, tukaruka ndani ya lile bwawa kavu, tukacheza mdako kwenye sakafu yake. Hakuna hata mmoja wetu, na sote tulikuwa wateka maji, aliyewahi kuuliza lilijazwaje. Hilo linaniuma mpaka leo. Nilikulia karibu na magofu hayo, nikayafanya uwanja wa kuchezea, nikaja kuuliza swali la kwanza la maana nikiwa nimekauka koo juu ya jiwe la Wales.

Tukaingia pangoni. Unashuka ngazi kwenye kona ya ua wa ndani, unaingia kwenye ujia mwembamba wenye dari la mawe ya kuviringa, uliojengwa kando kabisa ya genge. Ukutani kuna matundu marefu, na kila tundu linakupa kipande cha bonde: mti, kondoo, mto, tena mti. Kisha madirisha yanaisha na mwamba unaanza. Mwanangu alitangulia na tochi. Kuta za pango zimelainika na kung'aa kama zimepakwa mafuta, kwa maji yenye chokaa yaliyotiririka juu yake kwa maelfu ya miaka. Unainama, unainuka, mguu unatafuta pa kukanyaga. Mwishoni kabisa kuna kidimbwi, kidogo kama karai, na juu yake dari linadondosha tone, linanyamaza, linadondosha jingine.

"Nimeyapata!" Alifurahi mpaka sauti ikarudi mara mbili.

Nikachukua kifuniko cha chupa yetu ya chai, nikakiweka chini ya tone. Tukazima tochi, tukaketi gizani, tukahesabu. Tuliwasha baada ya matone mia. Kifuniko hakikuwa kimejaa hata nusu. Alikitazama, akanitazama, na sikuhitaji kumweleza kitu. Wataalamu huona kwamba yaelekea wajenzi waliliunganisha pango na ngome ili adui asije akajificha humo, wala si kwa ajili ya maji, na baada ya kile kifuniko nawaelewa. Hata hivyo nina hakika wakati wa shida kuna mtu alitumwa humu na chombo, akaketi kama tulivyoketi.

Tulipotoka tulikula juu ya nyasi, tukitazama kuta zilizobomoka. Watu wengi hudhani ni mizinga au umri. Ukweli ni kwamba mwaka 1462, katika vita vya ukoo wa York na wa Lancaster, kikosi cha Lancaster kilichokuwa kimejificha hapa kilisalimu amri, na washindi wakaamua ngome isibaki pango la wanyang'anyi. Wakaleta watu 500 na mitaimbo na sururu, wakaibomoa. Gharama yake imeandikwa kwenye hesabu za wakati huo, zaidi kidogo ya pauni 28. Mwanangu aliuliza, watu 500 walikunywa nini. Nilicheka kwa furaha, maana swali sasa lilikuwa lake.

Kutoka ngomeni hatukurudi kwa njia tuliyojia. Tulishuka upande wa pili, tukavuka mto Cennen kwenye daraja dogo la mbao, tukafuata vistari vya kijani kuelekea chemchemi inayoitwa Llygad Llwchwr. Ni mwendo wa chini ya saa moja. Ardhi ya huku ina mashimo ya mviringo yaliyojaa majani, mengine ukubwa wa chumba, na hayo yanaeleza kila kitu. Jiwe la chokaa halishiki maji. Mvua inanyesha, na Wales inanyesha kwelikweli, lakini inapenya kwenye nyufa, inalila jiwe polepole, inajichimbia mifereji yake gizani. Juu pakavu, chini kuna mito. Ndiyo maana ngome haikuwa na kisima. Wangechimba mita 90 ndipo waufikie usawa wa mto.

Na maji yaliyopotea juu hutokea mahali. Tuliyasikia kabla ya kuyaona. Chini ya ukuta wa mwamba uliofunikwa kuvumwani, mto mzima unatoka kwenye jiwe, huwezi kusema unachuruzika, unatoka, umeshakuwa mto, baridi na mweupe wa povu. Huu ndio mwanzo wa mto Llwchwr. Llygad kwa Kiwelshi ni jicho. Jicho la Llwchwr. Nilipolitafsiri kwa sauti, nilisita. Bibi zetu walisema hivyohivyo: jicho la maji. Wenyeji wa milima hii na sisi wa pwani hatukuwahi kukaa kikao tukakubaliana, lakini sote tulitazama maji yakitoka ardhini tukaona jicho linatutazama.

Nikampigia mama yangu video papo hapo, mtandao ulikuwa wa kusuasua lakini ulishika. Nikamwonyesha.

"Maashallah," alisema. "Jicho hilo lina nguvu. Na ninyi mmefuata nini huko porini?"

"Tulikwenda kutazama gofu, mama. Halina kisima."

Akanyamaza kidogo. "Halina kisima, na watu walikaa?"

"Walikaa, karibu miaka mia mbili."

"Basi walikuwa na watumwa au walikuwa na wanawake," alisema. "Maji hayapandi mlima yenyewe."

Binti yangu akaingiza kichwa kwenye picha. "Shikamoo bibi. Lile bwawa la Husuni Kubwa walilijaza vipi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Lile bwawa!" Nilimwona akiangalia pembeni, kama anayelitafuta lilipo. "Sisi tulikuwa tunaanikia nguo pale. Njoo likizo, tutalipima kwa ndoo."

Mtandao ukakatika hapo. Mwanangu alivua viatu na soksi, akaingiza miguu mpaka vifundoni, akapiga kelele kwa baridi. Sikumruhusu kunywa, maji ya mashamba ya kondoo nayajua, lakini alinawa uso na mikono, na mimi nikanawa.

Jioni kwenye treni tulikuwa tumechoka, buti zetu zimekuwa nzito kwa tope, yeye ameegemea bega langu. Kabla ya kufika Swansea reli inapita juu ya daraja refu kuvuka mahali ambapo Llwchwr unaingia baharini. Nimepita daraja lile mara nyingi, nikiwa nimeinamia simu. Ni pana pale, maji yanatanda kama ziwa, matope yanang'aa, ndege wamesimama kwa mguu mmoja. Nilimgusa nikamwambia, tazama, ni mto wetu ule. Akainuka, akabandika paji la uso kwenye kioo.

"Mama," aliuliza, "yale tuliyonawa yameshafika?"